Aondoke Kituoni, Aende Wapi?

Mjadala kuhusu makazi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili katika jiji la Dar es Salaam

Hoja iliyo mezani ni hii: watu wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo na hali nyingine zinazoanza utotoni wasilelewe tena vituoni. Waishi mitaani, katika nyumba kama za watu wengine, na msaada wanaouhitaji uwafuate huko huko.

Ili tusiongee hewani, tuichukulie hoja hii kama inatakiwa kutekelezwa Upanga. Hapo ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili na ipo shule ya mahitaji maalumu ya Al-Muntazir. Ukishuka upande wa Kariakoo unaikuta Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ya serikali ambayo kwa miaka mingi imesomesha watoto wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na wenzao. Kuna maduka, misikiti, makanisa, hekalu, mwendokasi na masoko, vyote kwa mwendo wa miguu. Jambo hili likishindikana Upanga, tutapata taabu kuwaambia watu wa Namtumbo au Kibondo kwamba linawezekana.

Wanaozungumza ni wanne. Sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja nimemtunga asemee wengi. MLEZI ni mwanamke mtu mzima aliyestaafu kazi ya kulea kituoni. WAKILI anatetea haki za watu wenye ulemavu. MAMA anauza vitenge Kariakoo na anakaa Upanga na mwanawe mwenye usonji, kijana wa miaka 22. KIJANA ana ulemavu wa akili, amekulia kituoni, na sasa anafunga mizigo kwenye stoo moja Kariakoo.

Vituo vilikuja kwa sababu gani?

MLEZI: Mimi sitaki tuanze kwa kuwatukana waliojenga vituo. Lutindi, kule Korogwe kwenye milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani wakaifanya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ikafunguliwa 1927, enzi za Mwingereza. Hapa kwetu Dar es Salaam kuna makazi ya wazee na wasiojiweza kule Nunge, Kigamboni, unavuka maji kwenda. Sehemu kama hizi zimepokea watu ambao ndugu waliwachoka, wengine waliokuwa wamefungwa kamba, wengine walioachwa stendi. Aliyewapokea akawapa uji na kitanda. Kabla hamjasema kituo ni kibaya, niambieni usiku ule wangelala wapi.

WAKILI: Bibi, nia njema siikatai. Ninachokataa ni kwamba mtu akishapokelewa usiku ule, hifadhi ile ya dharura inageuka maisha yake yote. Tazama Buhangija, Shinyanga. Watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa, watoto wakakusanywa pale na sehemu nyingine kama Kabanga, Kasulu, na Mitindo, Misungwi, ili waokoke. Ilikuwa lazima, na maisha yaliokolewa. Lakini makao yale yakaitwa ya muda, na miaka ikapita, watoto wakakua wakiwa hawajui tena njia ya kwao, na wazazi wengine wakaacha kuja. Hao si watoto wenye ulemavu wa akili, ila mtego ni ule ule: mlango wa kuingilia unafunguliwa haraka, wa kutokea hakuna aliyeupangia bajeti.

Kingine, kwenye hospitali hizo za zamani mwenye ulemavu wa akili alichanganywa na mgonjwa wa akili. Mgonjwa anatibiwa, akipata nafuu anarudi kwao. Mwenye ulemavu wa akili hana ugonjwa wa kupona. Ukimweka akisubiri apone, umemweka mpaka afe.

MLEZI: Hilo nakuunga mkono. Nimewaona wa hivyo.

WAKILI: Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Ibara ya 19 ya mkataba inasema mtu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, wala asilazimishwe kukaa mahali pa namna fulani. Mwaka 2017 kamati ya mkataba huo ikafafanua kwamba ukubwa wa jengo si hoja. Nyumba ya watu watano au hata ya mtu mmoja inaweza kuwa kituo, endapo anayekaa humo haamui ale nini, alale saa ngapi, nani aingie chumbani kwake.

KIJANA: Naweza kusema?

MLEZI: Sema, mwanangu.

KIJANA: Shikamooni. Kituoni nilikula nikashiba. Kulikuwa na mama mmoja alinifundisha kufunga viatu, nampenda mpaka leo. Lakini nguo zilikuwa za wote. Leo umevaa hii, kesho kaivaa mwingine. Sikuwahi kushika hela. Siku ya kwanza stoo bosi alinipa elfu tano, nikamuuliza nimpelekee nani. Akasema ni yako. Nilikuwa mkubwa tayari, nina ndevu.

MAMA: Ukainunulia nini?

KIJANA: Chipsi mayai. Na soda. Nikanunua na soksi, zangu peke yangu.

Nyumbani ni kwa nani?

MAMA: Nimewasikiliza wote wawili, na wote mnabishana kuhusu kuta ambazo mwanangu hajawahi kuziona. Hajakaa kituoni hata siku moja. Kituo chake ni mimi.

Tunakaa ghorofa ya tatu, jengo la zamani, halina lifti. Asubuhi namwogesha, namvalisha, namlisha. Nikienda dukani namwachia dada wa kazi, na dada wa kazi hawadumu. Anayemuweza anaolewa, asiyemuweza anamfungia chumbani na kuwasha televisheni. Kuna siku nilirudi saa nane mchana nikakuta mlango umefungwa kwa nje na yeye anapiga ukuta kwa kichwa. Kaka yake yuko Maskati na hela anatuma, Mungu ambariki, lakini hela haimshiki mkono kumvusha Barabara ya Umoja wa Mataifa. Shule ilimpokea akiwa na miaka 8, akajifunza kula mwenyewe, kutaja rangi, kupanga foleni. Alipokuwa mtu mzima wakanirudishia. Tangu hapo hana pa kwenda asubuhi. Sasa wakili, unaposema "aishi na jamii", jamii ni nani? Majirani wananipa pole kwenye ngazi na kupita. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

WAKILI: Mama, sina jibu la kukufariji. Mkataba unataja huduma za nyumbani na msaidizi wa mtu binafsi. Umeandikwa hivyo. Huku kwetu hakuna posho ya mlezi. TASAF inaangalia umaskini wa kaya...

MAMA: Na mimi mwenye frem Kariakoo siitwi maskini. Ingawa nikifunga frem siku tatu kwa sababu dada ameondoka, wiki hiyo hakuna hela ya mzigo.

MLEZI: Mdogo wangu, sasa umenisemea. Ndiyo maana nikasema vituo vibaki. Mwanamke mmoja hawezi kumlea mtu mzima saa zote, miaka yote. Wala hujagusa la mabinti. Nimepokea mabinti walioletwa wajawazito, hawajui kilichowapata wala hawawezi kumtaja aliyewafanyia. Aliyewafanyia ni wa mtaa huo huo mnaousifia, mara nyingine wa nyumba hiyo hiyo. Kwenye kituo angalau kuna mlango na kuna mlinzi.

WAKILI: Na anayeshika funguo za mlango huo akiwa ndiye mdhalimu, binti atamwambia nani? Mtaani kuna duka, kuna mwalimu, kuna shangazi, kuna mama lishe anayemwona kila siku na atakayesema, "Huyu leo hayuko sawa." Nyuma ya geti mashahidi ni wachache na wote wanalipwa na mtu mmoja. Sisemi mtaa ni salama. Nasema usalama unatokana na kuonwa na watu wengi wanaokujua, na kufundishwa kusema hapana. Mabinti wengi wenye ulemavu wa akili hatujawahi kuwafundisha neno hilo, kwa sababu tangu utotoni tunawasifu wanapotii kila mtu.

MAMA: Hayo ya mabinti sina la kuongeza. Langu ni moja, na kila mzazi kama mimi hulala nalo. Nikifa? Kaka yake atarudi Maskati baada ya arobaini. Atamwachia nani? Mnapozungumza kituo kifungwe, mimi nasikia mlango wa mwisho niliokuwa nategemea ukikomewa.

KIJANA: Mama, yeye mmeshamuuliza?

MAMA: Haongei, mwanangu.

KIJANA: Hata mimi nilikuwa siongei kituoni. Walikuwa hawaniulizi.

MAMA: Hasemi kwa mdomo, lakini nikifikiri vizuri, kusema anasema. Akitaka kushuka analeta viatu. Akichoshwa na dada anamfungulia mlango na kumpa mkoba wake. Kila jioni ananivuta mpaka barabarani atazame mabasi ya mwendokasi. Anajua anachokitaka.

WAKILI: Basi ameshajibu sehemu ya swali. Popote atakapokaa pawe na mtu wa kushuka naye jioni.

Waliotoka walifika wapi?

MLEZI: Tusome ya wenzetu. Jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, Oktoba 2015 idara ya afya ilitangaza kuvunja mkataba na hospitali za Life Esidimeni. Maofisa wakasema wanabana matumizi na tena wanatekeleza sera ya kuwarudisha watu kwenye jamii. Maneno yale yale ya wakili, mazuri kabisa. Mpaka katikati ya 2016 watu wapatao 1,700, wenye magonjwa ya akili na wenye ulemavu wa akili, walihamishiwa kwenye vijishirika ambavyo havikuwa na leseni halali, watumishi wala chakula cha kutosha. Wengine walipelekwa bila ndugu zao kuambiwa wapi. Walikufa watu 144. Wapo waliokufa kwa njaa na kiu. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alisikiliza familia moja baada ya nyingine, na Machi 2018 akaamuru serikali ilipe fidia. Mimi nimelea watu wa aina hiyo, wasioweza kusema "nina kiu". Ukimhamisha mtu wa namna hiyo bila daftari lake, bila anayejua kwamba akikunja ngumi maana yake anaumwa tumbo, umempeleka kufa.

WAKILI: Bibi, hilo ni jeraha la kila mtu anayefanya kazi yangu, na anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Lakini tuone kosa lilikuwa wapi. Wale watu hawakuhamia mitaani. Walitolewa kituo kimoja wakatupwa kwenye vituo vingine, vibaya zaidi na vya bei rahisi. Hakuna aliyewauliza, na hela haikuwafuata.

Linganisha na Norway. Januari 1991 jukumu la watu wenye ulemavu wa akili lilitolewa mikoani likapewa halmashauri, fedha zikaenda huko, nyumba zikajengwa, ndipo vituo vikafungwa katika miaka iliyofuata. Au New York. Kituo cha Willowbrook kilijengwa kwa watu 4,000, mwaka 1965 kilikuwa na zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 kamera za televisheni zikaingia, Marekani ikaona watoto walio uchi sakafuni. Wazazi wakafungua kesi. Makubaliano ya mahakamani yakapatikana 1975, na kituo kikafungwa 1987. Hapo katikati kuna miaka 12 ya kutafuta nyumba, kuajiri watu na kubishana na majirani. Hakuna aliyekurupuka.

MAMA: Norway wana mafuta.

WAKILI: Kenya je? Novemba 2017 walisitisha kusajili makao mapya ya watoto, na 2022 wakazindua mkakati wa miaka kumi, mpaka 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Umaskini wetu ni wao. Walichoanza nacho ni kuacha kuongeza.

MAMA: Wa watoto. Wangu ana ndevu kama huyu. Kila mpango ninaousikia unaishia mtoto akitimiza miaka 18, kana kwamba siku hiyo ulemavu nao unahitimu.

WAKILI: Hapo mama umenishika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakwenda naye mpaka 18. Baada ya hapo anaangukia kwenye sheria ya 2010 yenye maneno mazuri na vifungu vichache vya fedha. Watu wazima ndio tumewasahau zaidi, na ndio wanaokaa miaka mingi zaidi.

Nyumba ya vijana watatu

MLEZI: Haya, tuache nchi za watu. Nipeni Upanga. Vijana watatu, nyumba moja, ghorofa ya chini. Nataka kujua atakayeamka nao usiku.

WAKILI: Tuhesabu wote.

MLEZI: Mimi nimehesabu tayari, kazi yangu ilikuwa kupanga zamu. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi inasema saa za kawaida za mtumishi zisizidi 45 kwa wiki. Gawanya. Kuhakikisha nyumba ina mtu mmoja muda wote unahitaji karibu watumishi wanne, na hapo hajaugua yeyote wala kwenda likizo. Wanne kwa vijana watatu. Kituoni tulikuwa wachache zaidi ya hapo kwa watu wengi. Ndiyo maana kituo kinaonekana rahisi.

MAMA: Rudia hiyo hesabu, dada yangu.

MLEZI: Saa 168. Watu wanne.

MAMA: Kwa hiyo miaka hii yote mimi nimekuwa watu wanne. Na ninauza vitenge.

WAKILI: Hiyo ndiyo gharama ambayo haijawahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote. Tukisema nyumba ya mtaani ni ghali, tunailinganisha na kituo chenye watumishi wachache kupita kiasi, au na mama asiyelipwa kabisa.

Wala si kila mmoja atahitaji saa 168. Huyu mdogo wetu anahitaji nini?

KIJANA: Asubuhi naamka mwenyewe. Kupika naweza ugali na mayai. Hesabu ya hela kubwa siwezi, na barua siwezi kusoma. Nikiumwa nataka mtu twende naye, kwa sababu daktari anaongea haraka.

WAKILI: Saa chache kwa wiki. Mtoto wa mama anahitaji mtu wakati wote. Kituo kinawapa wote kipimo kimoja. Nyumba inampa kila mtu anachokosa.

MAMA: Mwenye nyumba je? Upanga anataka kodi ya miezi sita, mwingine mwaka mzima, mkononi. Na mkataba atasaini nani? Nilimpeleka mwanangu benki kumfungulia akaunti, wakanitazama mimi.

WAKILI: Hapo sheria zenyewe zinagongana. Sheria ya Mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu, na wengi wanaitafsiri kumfungia nje mwenye ulemavu wa akili moja kwa moja. Ibara ya 12 ya mkataba tulioridhia inasema ana uwezo wa kisheria sawa na mwingine, apewe msaada wa kuutumia: aelezwe kwa lugha nyepesi, awe na mtu anayemwamini pembeni, apewe muda. Mikopo ya halmashauri nayo iko hivyo. Tangu 2018 sheria imeweka asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 2 ni ya hao wa mwisho. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa 2024. Mwenye ulemavu wa viungo anaingia kwenye kikundi na kusaini. Mwenye ulemavu wa akili anaonekana hasaini, basi hakopi.

Kuhusu nyumba, Shirika la Nyumba la Taifa limekuwapo tangu 1962 na majengo yake yamejaa Upanga na Kariakoo. Kila linapovunja la zamani na kusimamisha jipya, litenge nyumba za ghorofa ya chini kwa kazi hii, kwa kodi ya kulipwa mwezi kwa mwezi. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji waraka.

MLEZI: Na majirani? Kijana akipiga kelele saa tisa usiku?

MAMA: Wangu anapiga. Mwaka wa kwanza walinishitaki kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nikamleta mwenyekiti ndani, akakaa, akanywa chai, mwanangu akamletea viatu. Mwenyekiti akashuka naye kutazama mabasi. Kuanzia siku hiyo akija mtu kulalamika anajibiwa na mwenyekiti mwenyewe. Sisemi wote walibadilika. Lakini walipojua jina lake, maneno yalipungua.

KIJANA: Stoo mwanzoni waliniita jina baya. Bosi akasema atakayeliita tena abebe mzigo wake mwenyewe. Wakaacha.

MLEZI: Nyumba hiyo ya Upanga, nani atawafundisha hao watumishi wanne? Maana kazi hii haitaki huruma tu. Kumlisha mwenye mtindio wa ubongo bila kumpalia ni ufundi. Kumtuliza mwenye usonji bila kumshika kwa nguvu ni ufundi. Kujua kifafa kinakuja ni ufundi.

WAKILI: Wewe, bibi.

MLEZI: Mimi nimestaafu.

WAKILI: Na walio kazini sasa vituoni. Ujuzi huo uko kwao. Kituo kikifungwa wakaachwa bila kazi, tutakuwa tumeutupa. Wahame pamoja na watu wanaowalea, mshahara ule ule, au bora zaidi.

MLEZI: Basi nisikilizeni. Nilikuja kupinga, na bado sikubali mtu afukuzwe kituoni kwa tarehe iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Lakini mkiniambia mtumishi atakwenda na mtu wake, daftari litakwenda naye, nyumba itakuwapo kabla ya safari, na akishindwa kukaa huko atasikilizwa, hapo siwezi kusema kituoni kwangu palikuwa bora. Nimewaona wakizeeka pale. Wengine walikuwa wanaweza zaidi ya tulivyowaruhusu.

MAMA: Na mimi nasema hivi. Msianze na waliomo vituoni peke yao. Anzeni na mimi pia. Nipeni mtu mmoja aliyefunzwa, wa saa nane kwa siku, na mahali ambapo mwanangu atakwenda asubuhi akafanye kazi ya mikono. Mkinipa hivyo, nitaweza kufikiri kuhusu siku ambayo hatakuwa nami, nikiwa bado hai wa kumsaidia kuizoea. Asije akahamishwa kwenye msiba wangu.

KIJANA: Mimi nataka kukaa na rafiki yangu wa stoo. Tumeshaongea. Yeye anapika wali, mimi naosha vyombo.

Msimamo wa mwandishi

Nimeiunga mkono hoja tangu mwanzo na sijabadilika. Mtu kuwa na ulemavu wa akili si sababu ya kumtenga na barabara, soko, ibada, kazi na marafiki kwa maisha yake yote. Kwa kumtenga tunamkosesha mambo ambayo hakuna kituo kinachoweza kuyatengeneza: jirani anayemjua kwa jina, hela yake mfukoni, ugomvi na rafiki na kupatana. Hata kituo chenye walezi wema kinabaki mahali ambapo maamuzi yake yanafanywa na mwingine.

Lakini mjadala huu umenionyesha kwamba kwetu swali la "kituo au nyumbani" halijakaa sawa. Walio vituoni ni wachache kuliko walio nyuma ya milango ya nyumba zetu, wakilelewa na mwanamke mmoja anayefanya kazi ya watu wanne. Anayefungiwa chumbani ghorofa ya tatu Upanga, kwa sababu hakuna wa kubaki naye, hajaishi na jamii kwa kuwa tu anwani yake iko mjini. Tukifunga vituo na kuwarudisha watu kwenye vyumba kama hicho, tutakuwa tumewaongeza wafungwa na kuwapunguza walinzi. Na Gauteng imetuonyesha mwisho wa safari inayoanza na kubana matumizi.

Kwa hiyo mambo yana mpangilio wake, na kuuvunja ni kuhatarisha maisha ya watu. La kwanza ni mkono wa pili ndani ya nyumba: wasaidizi waliofunzwa na kulipwa, na mahali pa kwenda mchana kwa walio na zaidi ya miaka 18. Chuo cha Yombo kimekuwa kikifundisha ufundi watu wenye ulemavu kwa miongo kadhaa, na vijana wa Ilala wenye ulemavu wa akili wanastahili mahali kama hapo karibu na kwao, penye kazi wanazoziweza. La pili ni nyumba zenyewe, zenye mkataba unaotambua jina la anayekaa humo. La tatu ni kuacha kupokea watu wapya vituoni, kwa sababu kufikia hapo watakuwa na pa kwenda. Ndipo waliomo wahame, mmoja mmoja, kila mmoja ameulizwa kwa njia anayoiweza, hata kama jibu lake ni kuleta viatu. Mlezi wake ahame naye, na fedha zake pia. Kituo kitafungwa kitakapokuwa kimebaki kitupu.

Wajibu wa kwanza ni wa Serikali, kwa kuwa ndiyo iliyoridhia mkataba mwaka 2009. Aliye karibu zaidi na Upanga ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021. Ina maofisa ustawi wa jamii, ina makusanyo ya Kariakoo, soko ambalo kijana wetu analijenga kwa mikono yake kila siku anapofunga mizigo. Mwaka wa fedha huanza Julai. Madiwani wa Upanga Mashariki na Upanga Magharibi wapeleke kifungu kimoja kwenye bajeti ijayo: mishahara ya watumishi wanne na kodi ya nyumba moja ya ghorofa ya chini, kwa vijana watatu watakaochagua wenyewe kukaa pamoja. Hesabu ya zamu ameshaipiga Mlezi. Atakayesema ni ghali aonyeshe kwanza ni wapi katika vitabu vya Jiji ilipoandikwa gharama anayoilipa Mama leo.